Maombi ya Sauti Msituni

Jumanne nilikuwa nangoja kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Marshalltown. Ni ya shirika linalonunua mashamba yenye misitu kule kaskazini, Limpopo, ili miti isikatwe. Mbele yangu alisimama mama Mkongo, mshonaji wa Jeppestown, akiliombea kundi lake la kanisa ruhusa ya kwenda kusali msituni Jumamosi.

"Karibuni," alisema karani, Mkenya mwenye tai. "Lakini kimya, mama. Ndege wanaatamia."

Mama aliweka mkoba chini. "Papa, siye hatujue kusali kimya. Mungu atafikiri tuko wagonjwa."

Karani alikuna kidevu, kisha akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani. "Hapa chini ya mlima kuna misonobari. Ni miti ya kigeni, inakunywa maji yote ya kijito, na ndege wetu hawaitaki. Hapo paza sauti mpendavyo, ila kila mtu ang'oe miche kadhaa ya misonobari hiyo."

"Ya kigeni?" Mama alimtazama yeye, kisha mimi. "Haina makaratasi?"

Tulicheka wote watatu, maana hakuna kati yetu aliyezaliwa nchi hii.

"Tutaing'oa," alisema mama. "Mtu akishasali anakuwa na nguvu."

Nimeripoti mikutano mingi ya uhifadhi, na sijaona makubaliano yaliyofikiwa upesi hivyo. Mama alikuwa ameshafika mlangoni karani alipouliza basi lao linaondoka saa ngapi.

"Saa kumi na moja alfajiri," alijibu. "Uje, papa. Lakini kule usitunyamazishe."