Koti Tatu za Bibi wa Watu

Nianze na lile la aibu kabisa, likishatoka hilo mengine yatateremka yenyewe. Nilisimama katikati ya duka la watu, Tooting, mchana kweupe, mbele ya mwanamke niliyekuwa nataka kumwoa, nikasema kwamba bibi yake mwenye duka, aliyekuwa akishinda na njaa huko Bara Hindi, angeuza koti lake moja akanunua chakula. Kisha nikacheka. Nikasikiliza nani anacheka na mimi. Nilikuwa peke yangu.

Sasa nieleze nilifikaje hapo.

Ilikuwa miaka ya sabini. Unguja nilikwishaondoka baada ya mapinduzi, na shule niliiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, tulikosana tu. London nikawa naosha vyombo jikoni kwenye hoteli, nakaa Kilburn, chumba kimoja na rafiki yangu, mtu wa Lamu, kondakta wa basi. Mwanamke mwenyewe alikuwa nesi, mtu wa Mombasa, mjane, anafanya kazi hospitali upande wa Tooting. Nilikutana naye kwenye harusi ya watu, nikamchekesha mpaka biriani ikampalia. Nikasema basi, huyu ndiye.

Jumamosi akitoka kazini alikuwa anapitia duka moja kununua nazi, mhogo na bamia. Kwa hiyo na mimi kila Jumamosi nikapatwa na shida kubwa ya nazi. Natoka Kilburn, nabadilisha treni, naivuka London yote.

"Nazi si hapa Kilburn zipo?" rafiki yangu ananiuliza.

"Hizi hazina tui."

"Umezikuna lini wewe, yakhe?"

Mwenye duka alikuwa Muhindi wa Tanga, kazaliwa hapo, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mjane na yeye. Mtu mpole, hana masihara. Nilimtafutia kasoro nikachoka. Hata kwa dini sikumpata: tunaswali msikiti mmoja, yeye safu ya mbele, mimi huku nyuma karibu na viatu.

Nyuma ya duka alikuwa na birika la chai, na watu wa kwetu wakishanunua vitu vyao wanakaa juu ya magunia ya mchele, wanazungumza. Hapo mimi ndiye nilikuwa redio. Nesi anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wewe utaniua," ananiambia, na mimi narudi Kilburn na nazi zangu kama nimebeba dhahabu. Mwenye duka hacheki. Anapima dengu zake tu.

Halafu siku moja, katikati ya kisa changu kizuri kabisa, nesi akageuka akamwuliza: "Bhai, nyinyi huko Tanga mlifikaje? Kwenu si wakulima?"

"Wakulima," akasema. "Kodi ndiyo iliyotutoa."

Nikatia neno langu hapo, la kuchekesha, silikumbuki tena. Nesi akaninyanyulia kidole bila kunitazama. "Ngoja kwanza," akasema.

Ngoja kwanza! Maneno mawili tu, lakini mimi mpaka leo nikiyasikia kwenye foleni ya posta nasikia moyo unanichoma.

Basi yule bwana akaanza, polepole, huku anafunga mifuko. Kijijini kwao, alisema, zamani za babu yake babu, mtu wa serikali alikuwa anakuja wakati wa kupura, analikuta lundo la uwele liko uwanjani, anachukua fungu lake. Lundo kubwa, fungu kubwa. Lundo dogo, fungu dogo. Mvua isiponyesha anakuta uwanja mtupu, na yeye anarudi mikono mitupu.

"Alipokuja Mngereza," akasema, "akaja na mnyororo. Akapima shamba. Akasema shamba hili kodi yake kadha, kwa fedha, kila mwaka, siku fulani. Mvua inyeshe, isinyeshe, hayo si yake."

"Na kama hamna fedha?" nesi akauliza. Alikuwa keshaweka mfuko chini. Kwangu mimi hakuwahi kuweka mfuko chini.

"Ndiyo wakalima pamba. Pamba inauzwa, uwele unaliwa. Wakapunguza uwele, wakaongeza pamba. Kisha wakawa wananunua uwele waliokuwa wakilima wenyewe."

Mzee mmoja kwenye gunia akatikisa kichwa, akasema hata kwao bara wazee wake waliuza mbuzi kwa ajili ya kodi ya kichwa. Mimi nikakaa pale na kisa changu nusu mdomoni, kimepoa.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi ikawa ni babu yake mwenye duka. Babu kaenda kukopa kwa tajiri wa kijiji. Babu kauza ng'ombe dume, analima kwa ng'ombe wa kuazima, jirani akimaliza ndipo na yeye aanze, na mvua haimngoji. Na nesi anasikiliza, kashika shavu, macho yamemlegea. Nilimwonea wivu mwenye duka, hilo la kawaida. Lakini mimi nilipita hapo. Nilimwonea wivu babu mwenyewe, maiti, mkulima wa Kigujarati ambaye hajui hata kama mimi niko duniani. Nilimwonea wivu na ng'ombe.

Jikoni hotelini nikawa naosha sahani huku napekua ukoo wangu, natafuta mtu aliyeteseka vizuri. Babu yangu alikuwa mnene, mchuma karafuu, anacheka siku nzima. Hafai. Na mapinduzi? Hayo ninayo, lakini mimi nikiyafungua kinatoka kichekesho tu: vile nilivyokimbia na suruali mbili, moja juu ya nyingine, nikawa natembea kama bata. Watu wanavunjika mbavu. Siku moja nesi alicheka, kisha akaniuliza, "Na baba yako je, mlitoka naye?"

"Baba?" nikamwambia. "Baba hakuwa na mbio."

Akacheka kidogo, halafu akaacha, akanitazama. Mimi nikaongeza sukari kwenye chai.

Basi, tufike kwenye Jumamosi yenyewe. Theluji imeanguka, treni zimechelewa, naingia dukani kisa kimeshafika mbali. Nesi kasimama, kashika nazi kifuani kama kitoto. Hata kunikaribisha hakunikaribisha. Mimi nasikia nusu nusu, masikio yananiwaka, nusu kwa baridi na nusu kwa wivu.

"Bibi yangu alikuwa na koti tatu," mwenye duka anasema. "Kubwa, nzuri, zimesimama ukutani. Alizitengeneza mwenyewe alipoolewa. Mwaka ule mvua haikunyesha, pamba imekauka, na mtoza kodi kaja siku yake ile ile. Zote tatu tupu."

Hapo nikaona Mungu kanifungulia mlango.

"Ngoja kwanza," nikasema, na mimi nikanyanyua kidole. "Koti tatu? Jamani, mimi niko London, theluji hii, nina koti moja na mfuko umetoboka! Bibi yako yuko kwenye joto la Bara Hindi, ana koti tatu, halafu mnalia njaa? Si angeuza moja!"

Ndipo nikacheka, kama nilivyokwambia.

Lilisikika friji peke yake. Mwenye duka akaweka mfuko mezani.

"Bwana," akaniambia, taratibu, kama anamfahamisha mtoto, "koti, kwa Kigujarati, ni mtungi. Wa udongo, mrefu kama mtu. Wa kuwekea nafaka ya mwaka mzima."

Nikakishusha kidole changu.

"Watoto wakilia usiku alikuwa anatia upawa ndani, anakwangua chini. Krr, krr. Ili wasikie, walale, wajue asubuhi chakula kipo." Akatazama mkono wake, ulikuwa unakwangua hewani. "Baba yangu alikuwa mmoja katika hao watoto. Alivyokua akapanda meli."

Nesi alikuwa anatazama sakafu. Natamani angenitukana. Mtu wa Mombasa akikutukana bado anakuhesabu.

Kisha nikaona mdomo wa mwenye duka unatetemeka. Nikasema moyoni, sasa nimemliza na mtu mzima wa watu. Kumbe anacheka!

"Koti!" akasema. "Bibi yangu, na sari yake, kavaa koti! Anakwenda kukamua nyati wake wa maziwa!" Akashika meza. Dengu zikamwagika, yeye anacheka tu, na machozi yanamtoka, na kwa kweli sijui machozi yale yalikuwa ya lipi. Muda wote ule nilikuwa namtafuta mtu yule acheke mara moja, na alipocheka duka lote likacheka naye, na mimi peke yangu sikucheka.

Kwa sababu nilikuwa namtazama nesi. Alicheka na yeye, lakini macho yake yako kwa mwenye duka, kama ndiyo kwanza anamwona. Akaweka nazi chini. Akatoa kitambaa kwenye mkoba wake, akampa ajifute uso. Mimi kwa vichekesho vyangu nilimtoa machozi mara ngapi, na mimi mwenyewe sijawahi kuoneshwa ncha ya kitambaa. Hapo nikajua.

Walioana kabla ya mwaka kwisha. Nilialikwa, nikaenda, nikala sahani mbili kwa hasira, na bwana harusi akaniita mbele niwasimulie watu habari ya koti. Nikasimulia. Bibi harusi alicheka mpaka wanja ukamtiririka.

Niliporudi Kilburn nilikaa kitandani na viatu vyangu, nikamwambia rafiki yangu kwamba mimi ndiye niliyekuwa namchekesha mwanamke yule, mimi, si mwengine, na tazama kaolewa na nani. Rafiki yangu alikuwa anakunja suruali yake ya kazi. Hakunikatiza mpaka nikamaliza.

"Yakhe, shukuru Mungu," akasema. "Ungemwoa wewe, ungekaa umri wako wote unaogopa siku atakayoacha kucheka."