Majivu Yaliyomngoja Shemeji

Lambert alilipiga jiko teke. Jiko halikutikisika, mguu ndio ulioumia. Akalipiga tena.

Lilikuwa jiko la peleti, zile punje za unga wa mbao ulioshindiliwa. Punje zinadondoka zenyewe kwenye kikombe cha chuma chenye vitundu chini, feni inasukuma hewa kwenye vitundu, moto unashika. Mkewe Célestine alipokuwa hai, moto wake ulikuwa mfupi, mweupe, wenye kelele. Sasa ulikuwa mrefu, wa njano chafu, unajikokota na kulamba kioo. Akikifuta asubuhi, jioni kimekuwa cheusi kama sufuria ya kilioni.

Dawa aliijua, kuchota majivu, ila hakuwa na ruhusa nayo. Kwao, mke akifa, majivu ya mekoni hayaguswi mpaka kaka wa marehemu aje kuchota ya kwanza. Hapo msiba umekwisha. Mume akijichotea, kamtupa mkewe jalalani.

Kaka mwenyewe, Telesphor, aliishi mtaa wa Tottenham, basi moja tu kutoka hapo mtaani Edmonton. Lakini hakuja. Siku ya maziko alisema mbele ya watu, udongo haujajaa kaburini: "Umemtumikisha dada yangu. Ameogesha wazee wa watu mpaka mgongo ukakatika, wewe umekaa." Lambert akampiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Mzee wa kanisa aliyeingia kati naye alipata yake. Telesphor akatema damu, akaapa hatakanyaga nyumba ile.

Kwa hiyo majivu yakangoja, na Lambert akapigana na mengine yote. Alisema peleti zina unyevu, akapasua mfuko kwa kisu, akanunua nyingine. Alisema mlango unavuja, akang'oa kamba ya kuziba pembeni mwake, akabandika mpya. Alisema bomba limeziba, akaligonga kwa nyundo mpaka masizi yakamwagika kama mvua nyeusi, akakohoa hadi machozi. Moto ukapata nafuu kidogo, ukarudi kulekule. Kikombe kilikuwa kimejaa majivu hadi ukingoni, chini yamekauka magumu kama jiwe, vitundu vyote vimezibwa. Punje mpya zilitua juu ya majivu zikafuka moshi. Moto haupumui.

Binti yao Marie-Claire alisema aite fundi.

"Fundi si shemeji," Lambert alijibu.

Asubuhi moja king'ora cha gesi ya sumu kililia. Marie-Claire alimkuta baba yake sakafuni, ametapika, kichwa kinamgonga kama kinu. Alizima jiko, akafungua milango, akamburuta kwa kola mpaka uani kwenye baridi. Mzee alimpiga kofi la mkono, amwachie. Hakumwachia. Wakaja watu wa ambulansi, wakampa hewa, wakasema jiko lisiwashwe mpaka lisafishwe. Walipoondoka, Marie-Claire akampigia mjomba wake simu.

"Ukitaka kumzika na huyu, kaa hukohuko," alimwambia.

Telesphor alifika mchana, koti halijafungwa.

"Shemeji. Nasikia unataka kumfuata dada yangu, na huko nako umchoshe."

Lambert alikuwa amesimama mbele ya jiko, nyundo mkononi. "Uliapa. Rudi kwako, kibogoyo."

Telesphor alimrukia. Nyundo ikadondoka. Wazee wawili wakakamatana, wakaangusha meza, sahani zikavunjika. Lambert akapata kiwiko cha jicho. Akamkaba mwenzake koo, akamgongesha ukutani, mara nyingine, na nyingine. Telesphor akamsukuma, mlango wa jikoni ukajifunga juu ya vidole vya Lambert, vikalia kama kuni kavu. Alimng'ata Telesphor bega kupitia koti.

Kisha wakasikia chuma kikikwaruza chuma. Marie-Claire alikuwa amepiga magoti, mlango wa jiko wazi, koleo mkononi.

"Wewe, acha," Telesphor alisema.

"Mtoto hachoti majivu ya mama yake," Lambert alisema. Alikuwa amemkaba tena shemeji yake koo.

Marie-Claire aliwajibu kwa Kiingereza kwamba mama yake ameoza kwa kungoja, na kama hawawezi wao, atachota yeye, na laana ije kwake.

Lambert akaachia.

Telesphor akatambaa hadi kwenye jiko, damu inamtoka puani ikidondokea majivu. Akachukua koleo. Alichota, akamwaga kwenye ndoo ya bati, akachota tena. Akakitoa kile kikombe, akavunja ganda la chini kwa nyundo ileile, akatoboa kitundu baada ya kitundu kwa msumari, mpaka mwanga ukapita.

"Vitundu vyote hivi," alisema. "Ulikuwa unamnyonga, shemeji."

"Nilikuwa nakungoja."

Telesphor alirudisha kikombe, akafunga, akamwambia Marie-Claire awashe. Feni ikaunguruma. Moto ukatoka mfupi, mweupe, wenye kelele.

Lambert aliutazama kwa jicho lililobaki wazi. Akageuka ukutani, mabega yakaanza kutikisika, na Telesphor akaja akamshika kwa nyuma, kwa nguvu kama bado wanapigana.

"Ameenda," Telesphor alisema. "Lia sasa."