Kidole cha Mama Amida

Mama Amida hakumwamini mtu. Samaki mkavu wa Bukama alimpasua kichwa kutafuta funza, akamnusa, ndipo akauliza bei. Muuzaji akiapa kwa Mungu, alimpasua na wa pili. Sokoni Kamina tulimcheka, lakini yeye akisema samaki ni mzima, wake za askari wa base, kambi ya jeshi, walinunua bila kugusa.

Vita vya tisini na nane vilimkuta mwanawe Ismaili likizoni, ametoka Ubelgiji anakosomea fizikia. Alikuja na kikalamu cha leza kinachotoa nukta nyekundu, akamweleza mama kazi yake: kwa mwanga wa leza wanapoza atomu mpaka zitulie. Kisha wanachomoa elektroni kutoka humo, na kwa kuwa zimetoka penye utulivu, zinakwenda pamoja bila kutawanyika, zinapiga picha ya vitu vidogo kupita vumbi.

"Mwangaza inapozesha?" mama akamkata. "Jua ya Kamina inatuunguza kila siku! Weye unafanyaka nini kule Bulaya?"

Jirani mmoja, mdomo wake haufungi, aliona nukta ile ukutani, akakimbilia base kusema Ismaili anaita ndege za adui. Siku zile neno kama hilo lilitosha kumpeleka mtu porini asirudi. Askari wakamchukua, nasi tukamfuata mama yake kwa woga.

Mbele ya chef, mkuu wao, Ismaili akaeleza yote, msomi bwana! Chef akasogeza bilauri ya chai iliyotoka motoni.

"Basi, pozesha ii. Isipopoa, weye iko infiltré, mutu ya adui."

Ismaili alianza kusema kwamba chai siyo atomu chache ndani ya chombo kisicho na hewa. Kitako cha bunduki kikamnyamazisha. Akaielekeza nukta kwenye chai. Chef akanyoosha mkono, akaurudisha. Kama kijana ametia dawa humo?

"Mama, tia kidole weye."

Amida akakizamisha, akakiacha humo. Uso haukukunjika.

"Iko baridi, chef."

Chef akamtazama mke wake aliyeleta chai, Bibiche, mteja wa Amida wa miaka mingi.

"Ule mama hajue kubongopa; akisema samaki ni muzima, ni muzima," Bibiche akasema.

Wakamwachia Ismaili.

Nyumbani ngozi ya kidole ilivimba maji. Ismaili aliushika mkono ule akilia kama mtoto. Mama akamkazia macho yale yale ya sokoni.

"Si nilikuambia? Mwangaza yako haipozeshe hata chai. Sasa ambia mama yako bukweli: unafanyaka nini kule Bulaya?"