Glavu Niliyoipuliza Mbele ya Wenzangu

Daktari aliponiachia mimi, msimamizi wa wodi, niamue kama Sista Mwende apewe glavu za plastiki, ilinipasa nimjibu kwamba kazi hiyo si yangu. Lakini nilikubali haraka, maana nilipenda kuamua mambo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika hospitali ya misheni huko Kitui. Mwende alilalamika kwamba glavu za mpira zilimfanya atokwe na vipele mikononi na kupiga chafya. Mimi nilisema ni uvivu. Ningemkatalia, ingembidi aache uuguzi.

Asubuhi, baada ya maombi, nilisimama mbele ya wafanyakazi wote.

"Huu mpira hauna meno," nikasema. "Tazameni!"

Nikachukua glavu mpya, nikaipuliza kama puto mpaka vidole vyote vitano vikasimama. Watu wakacheka. Nikaanza kuwahubiria juu ya wavivu, lakini ulimi ulikuwa mzito.

"Mzee, midomo yako inafura!" Mwende akasema.

"Ni baridi," nikajibu, ila kilichotoka kilikuwa, "Mi mbavidi."

Jicho moja likavimba na kuzibika, kisha la pili. Ni Mwende aliyenilaza kitandani, akanidunga sindano ya mzio.

"Na mikono, Mzee," akauliza wote wakisikia, "huwa inakuwasha ukivua glavu?"

Nikakubali kwa kichwa. Miaka minne nilikuwa nikiilaumu sabuni.

Daktari alimpa Mwende glavu za plastiki, pamoja na usimamizi wa wodi. Mimi nilipelekwa kwenye dirisha la kuandikia wagonjwa kadi, na hapo ndipo nilipokaa mpaka nikastaafu.