Kurasa Tatu za Nyumba ya Mama Neema

Jumamosi ile baba alitoka na kaye yake kwapani kama kawaida. Kwetu Kivu ya Kusini daftari tunaliita kaye, na ya baba ilijulikana vilima vyote vitatu vya kijiji chetu. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa kukosa wanafunzi akaanza kuwasumbua watu wazima: nani alifika hapa kwanza, alitoka wapi, alioa kwa nani. Watu walimcheka, wakisema Mwalimu anawajua wafu kuliko wanawe. Lakini akipita bila kuingia kwao, walinuna.

Siku hiyo tulikaa uani kwa Mama Neema, jirani yetu, akimenya mihogo. Babu ya marehemu mumewe alihamia kwetu kutoka ng'ambo ya mto, na hadithi yake ilikuwa tamu kuliko zote.

"Alifikaka mwaka gani?" baba akauliza.

"Mwaka ya nzige," Mama Neema akajibu. "Na mbuzi mbili, na muke yake mwenye mimba. Andika na mbuzi, Mwalimu."

Baba akaandika na mbuzi. Familia nyingine zilipata nusu ukurasa. Hii ilipata kurasa tatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nafundisha darasa la kwanza, na mimi ndiye niliyenakili maandishi ya baba kwa mwandiko safi. Niliyarudia hadi nikayajua kwa moyo. Chini ya kila jina palikuwa na mstari mmoja unaosema mtu huyo alitoka wapi. Baba aliuona mstari huo kuwa heshima.

Vita vilianzia mbali, redioni, kisha vikasogea. Vijana wa kabila letu wakashika bunduki, wakasema wanalinda ardhi ya wenyeji dhidi ya wakuja. Baba alielewa kabla yangu. Vizazi vitatu vya kuoana vilikuwa vimefuta tofauti. Kijana asingeweza kuwajua wakuja bila kusoma mahali walipoandikwa, na waliandikwa katika kaye ya baba.

"Jeanne, choma ile kaye," akaniambia Ijumaa asubuhi, akarudi kulala. Malaria ilikuwa imemwangusha.

Sikuichoma. Ilikuwa kazi yake ya miaka sita, na mwandiko ulikuwa wangu. Niliifunga kwenye kitenge, nikaizika ndani ya gunia la maharage. Hakuna aliyenishauri. Nilidhani ninaokoa kitu.

Walikuja Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Walikuwa sita. Kamanda wao aliwahi kusoma kwa baba, akamwamkia kwa adabu.

"Mwalimu, tunaomba kaye ya historia."

"Tulishaichoma," baba akasema, naye aliamini anasema kweli.

Wakamkalisha chini. Mmoja akamwekea mtutu sikioni.

Kamanda hakumtazama baba. Alinitazama mimi.

Nikaingia ndani. Nikaingiza mkono kwenye maharage.

Kamanda alifungua kaye akapekua kwa kidole alichokilowesha mate. "Mwandiko nzuri," akasema. Wakateremka.

Tulisikia milio ya bunduki. Moshi ulianza kwa Mama Neema, kisha kwenye nyumba nyingine mbili, zote za watu ambao mstari ule ulisema walitoka kwingine. Neema, binti yake mkubwa, alikuwa ameenda mjini kuuza mafuta ya mawese, ndiyo sababu yu hai. Mama yake na wadogo zake wanne hawakutoka ndani.

Sikulia. Siku zile, na miaka iliyofuata kambini Uganda tulikokimbilia, nilikula, nililala, nilipanga foleni ya unga. Baba aliishi miaka minne kambini, na hakunilaumu hata mara moja. Hakuniomba tena nimwandikie kitu, basi. Afadhali angenigombeza.

Baada ya kambi nilihamishiwa ughaibuni; sasa naishi Alief, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee ninayemwendea Missouri City, mji wa jirani, ni Mminangkabau, mtu wa Sumatra huko Indonesia, injinia mstaafu wa mafuta. Namwita Pak, yaani baba kwa lugha ya kwao. Kiharusi kilimlegeza mguu, lakini mkono uko sawa, na kutwa unaandika historia ya kijiji chake. Kwao ukoo na mashamba ya mpunga hupitia kwa mama, kwa hiyo meza ya kulia imefunikwa na karatasi kubwa yenye majina ya wanawake, mama hadi binti. Majina mengi yako kwa wino. Machache yako kwa penseli.

"Hawa walifika baadaye," akaniambia siku ya kwanza nilipouliza.

Nikahesabu upya dawa zake mkononi mwangu.

Akasema waandishi wa historia wa kwao wamegombana sana juu ya jambo hilo. Wengine huwaandika waliokuja baadaye, na kesi za mashamba zikafuata. Wengine huwaacha, na familia nzima ikawa kama haikuwahi kuishi. Yeye huwapigia simu wajukuu zao kwanza. Anawasomea ukurasa wao, wanasahihisha au wanakataa, ndipo anaweka wino. Nilimsikia akifanya hivyo asubuhi nyingi, akisoma polepole, akisikiliza, akifuta.

Nilikuwa nimeshamwambia habari za kaye, ila si za gunia. Asubuhi moja nikamwambia na za gunia. Hakunipa pole.

"Aliyebaki yuko wapi?"

"Fort Worth, jimbo hili hili."

"Umeshamsomea?"

Neema na mimi tulikuwa tukikutana misibani na harusini, tukiulizana habari za kazi. Alijua kaye ilitoka kwetu. Aliamini watu wale waliipekua wenyewe wakaipata, nami nilimwacha aamini hivyo miaka yote. Ndiye mtu pekee wa kule anayenipigia simu bila sababu. Nilijua naweza kumpoteza.

Mchana huo Pak alipolala, nilimpigia.

"Niko kwa break, dada Jeanne. Ongea."

Nikamwambia. Mimi ndiye niliyeambiwa nichome nikaficha, na mimi ndiye niliyeitoa. Kabla hajasema neno, nikamsomea kutoka kichwani kurasa zote tatu: mto, mwaka wa nzige, mbuzi wawili, nani alimzaa nani. Sikukosea hata neno. Upande wake nilisikia mashine za kubebea mizigo zikilia katika ghala anakofanya kazi.

"Ni yote?" akauliza.

"Ni yote."

"Batoto habamo."

Kweli, watoto hawakuwamo. Baba aliandika wakubwa tu.

"Kamata kalamu," akasema.

Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza. Alitaja wadogo zake mmoja mmoja, kuanzia mkubwa, nami nikaandika. Wa nne alikuwa mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemshika mkono akaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Nikangoja Neema alitaje, kalamu juu ya karatasi, kwa sababu nilikuwa nimelisahau.