Walimpokea Mtoto Kabla Yangu

Andika, mjukuu wangu, wala usinipunguzie neno. Baba yangu alikuwa Kasoga, mrina asali. Mama yangu alikuwa Nyamizi, mfinyanzi. Nilizaliwa Ipole, nikaolewa Usoke, karibu na reli, zama za Mwingereza.

Naikumbuka asubuhi niliyorudi kutoka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa ameniambia kwamba nina kifua kikuu na kwamba nitalazwa muda mrefu, kupona hakuniahidi. Mume wangu alikwisha kufariki. Nilikuwa na binti mmoja, anajifunza kutembea, naye ndiye mama yako.

Wanawake wa Usoke walikuwa na chama cha kulimiana. Mwenzao akiugua, walimlimia shamba. Akifa, waliwalea watoto wake. Aliyetaka kuingia aliweka jembe lake katikati yao. Kila aliyemkubali alilinyanyua na kumpa jirani yake, mpaka lizunguke. Sharti lilikuwa moja: uingie ukiwa mzima.

Njiani wifi yangu Kabula alininong'oneza, "Wifi, meza kikohozi mpaka jembe lizunguke. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nimwache mtoto kwa watu niliowadanganya?"

Nikaliweka jembe chini, nikasimama mbali nao kidogo kama daktari alivyoagiza, nikautaja ugonjwa wangu kwa jina lake. Mmoja akacheka. "Huyu anatafuta wa kumlimia, si wa kulima naye!"

"Kweli," nikasema. "Basi mimi niacheni. Mpokeeni mtoto."

Mkuu wa chama, Mama Kalunde, mwanamke asiyejua kubembeleza, aliwageukia wenzake. "Wangapi hapa mliingia mkaficha maradhi yenu?" Wakatazama chini. Akalinyanyua jembe. "Mtoto ni wetu kuanzia leo. Wewe nenda ukatibiwe. Ukirudi mzima, utaweka jembe upya." Likazunguka, hata kwa yule aliyecheka, ambaye alilipokea amenuna.

Nililazwa hata mvua zikaja zikakatika. Niliporudi, binti yangu alikuwa amenenepa, anawaita wanawake wote mama, na mimi ananikimbia kama mgeni. Unadhani nililia? Nilijivuna. Nikaliweka jembe tena, likazunguka kwa ajili yangu mwenyewe, na tangu hapo hakuna mgonjwa wa chama kile ambaye sikumlimia.

Mwanangu, jiunge na wenzako ungali na nguvu. Ugonjwa ukikuwahi, utaje kabla hujaulizwa, maana uliowaficha watakuja kuujua siku ile ile unayowahitaji. Na wakikukataa, usiondoke upesi. Waulize ni nani wanayeweza kumpokea.

Jembe lenyewe liliisha kwa kulima, usilitafute. Hifadhi majina ya wanawake wale; mama yako anayajua yote. Ukimkuta Usoke bibi kizee anayemwita mama yako "mwanangu", piga goti, umwamkie kama unavyoniamkia mimi, na usimwache achote maji mwenyewe.

Mungu akupe afya, na siku afya hiyo itakapopungua, akupe watu usioona haya kuwaambia.