Miguu ya Wifi

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, na thelathini na moja kati ya hiyo aliipitisha kwenye cherehani. Ungemwona bila kumjua ungesema ana kiburi. Ungemjua, ungesema vilevile. Wateja aliwaambia usoni kwamba gauni halina kasoro, kasoro ni tumbo, na bado walirudi, maana mshono wake haukufumuka. Kilichomtesa ni kifua. Vumbi la vitambaa lilimwachia pumu, na baridi ikianza tu alipumua kwa mluzi.

Mumewe alipofariki, hata udongo wa kaburi haujakauka, wifi yake alisimama mbele ya waombolezaji akatangaza kwamba huyu mwanamke hakuolewa na kaka yake, alijileta tu. Miaka ishirini na sita ya ndoa ikageuka kuwa kujileta. Cheti cha ndoa kilitafutwa kabatini hakikuonekana, na ufunguo wa kabati ulikuwa mikononi mwa nani kama si wifi huyohuyo? Fundi alitoka kwenye ile nyumba na cherehani na begi moja. Hakulia. Alimwambia wifi yake kwamba dunia duara, wifi akamsonya.

Alipanga chumba, akaendelea kushona. Kisha ugonjwa ukaingia mjini. Harusi zikaahirishwa, shule zikafungwa, ikawa hakuna wa kushonewa gauni wala sare. Mwenye nyumba alimvumilia miezi miwili, wa tatu akambadilishia kufuli. Ndipo Fundi akaishia kwenye makao ya wasio na pa kulala, ukumbi uliokuwa ghala la mbao, wenye magodoro themanini sakafuni na bomba moja uani.

Ukumbi ule ulikuwa chini ya Matroni. Uuguzi hakuujua, alikuwa karani aliyevishwa koti jeupe, na koti lilimkolea kuliko kazi. Siku afisa wa afya alipokuja kukagua, Matroni alimhakikishia kwamba kati ya godoro na godoro kuna mita mbili. Fundi, ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, alitoa tepu yake ya kupimia, akainama, akasoma kwa sauti: sentimita arobaini. Afisa alikuna kichwa. Akasema basi, kama nafasi ndiyo hiyo, watu walale mzungu wa nne, huyu kichwa huku na mwenzake kichwa kule, wasipumuliane usoni. Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake na hakuonekana tena. Matroni alimkata Fundi jicho ambalo lingeweza kupasua kioo.

Wiki iliyofuata, godoro la kushoto kwa Fundi lilipata mtu mpya. Alikuwa wifi.

Nyumba aliyoipora ilikuwa imeuzwa na mumewe, na mume mwenyewe alikuwa ametokomea na mwanamke mwingine. Wifi aliyasema hayo kwa Matroni wakati wa kuandikishwa, na Fundi aliyasikia yote, akayatafuna polepole. Hawakusalimiana. Wifi aliomba ahamishiwe godoro lingine, akajibiwa kwamba hapa si hotelini. Kwa hiyo mke wa marehemu na dada wa marehemu wakalala mzungu wa nne, kila mmoja na nyayo za adui yake usoni.

Sasa sheria ya ukumbi ilikuwa hivi. Kila asubuhi watu walipangwa mstari mlangoni, Matroni akawaelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Aliyekutwa na homa alipelekwa kwenye hema nyuma ya jengo, na godoro lake siku hiyohiyo likapewa mtu mwingine kutoka kwenye foleni ya getini. Akipona, anaanza upya mwisho wa foleni. Watu si wajinga. Walijifunza kumeza kikohozi. Walijifunza kuamka mapema, kulowesha kitambaa bombani na kukibandika usoni mpaka paji lipoe. Kipimajoto kilisema wote wazima, Matroni akaandika wote wazima, na ugonjwa ukatambaa godoro hadi godoro bila wa kuuliza.

Alfajiri moja Fundi aliamshwa na joto. Miguu ya wifi ilikuwa imemgusa shavu, na ilichoma kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alijiondoa. Akamwona wifi anainuka, anayumba, anashika ukuta, anaelekea bombani na kitambaa. Mlangoni alipita. Kesho yake miguu ilikuwa vilevile, na sasa kulikuwa na kikohozi kilichofunikwa kwa blanketi.

Fundi aliogopa. Alijua kifua chake. Ugonjwa ule ulikuwa ukiwaua hata wenye mapafu mazima, sembuse yeye wa kupumua kwa mluzi. Alimfuata wifi bombani.

"Una homa," alimwambia. "Kaseme mwenyewe."

"Nikisema nalala barabarani. Utafurahi?"

"Sana."

Wifi alikamua kitambaa chake, akakirudisha usoni. "Basi furahi kwa midomo. Hapa sitoki."

Tusimpambe Fundi. Hofu ya kifua ilikuwepo, ya kweli kabisa, lakini haikuwa peke yake iliyomsukuma mpaka mlangoni. Watu wengine sabini na nane hakuwafikiria hata kidogo. Alitaka kumwona yule mwanamke anatolewa nje na kibegi mkononi, mbele za watu, kama alivyotolewa yeye. Alimwambia Matroni bila kupunguza sauti.

Matroni alimuuliza amejuaje, wakati kipimajoto kimesema mzima.

"Miguu yake iko usoni pangu kila siku. Inaunguza."

Matroni alimtazama kwa utulivu, na ilikuwa wazi kwamba ile tepu hakuisahau. "Kumbe umelala naye karibu hivyo," alisema. "Basi na wewe ni wa hema. Chukua vitu vyako."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fundi alibisha, akataja haki zake, akamtaja afisa wa afya, na saa tatu asubuhi alikuwa ndani ya hema la turubai pamoja na wagonjwa wanne, na wa tano ni wifi. Magodoro mawili ya mwisho yalikuwa yamegusana.

Siku tatu hawakusemeshana. Mchana turubai liliwaka kama bati. Dawa ilikuwa vidonge vya kutuliza homa na ndoo ya maji. Siku ya nne wifi alianza kuvuta pumzi kwa mabega, midomo ikabadilika rangi, na hata Matroni, aliyechungulia tu kutoka nje, akaona haja ya kuita gari la wagonjwa. Lilifika adhuhuri. Lakini hospitali ilikuwa na fomu yake. Bila ndugu wa kusaini haikumpokea mtu wa makao yale, kwa kuwa ilichoka kuachiwa maiti. Matroni alisimama mlangoni mwa hema na karatasi, akauliza kama mgonjwa ana ndugu.

Wifi alimtazama Fundi. Chuki ilikuwa bado ipo machoni, haijapungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na haja.

"Mimi ni nani kwako?" Fundi aliuliza. "Sema, na hawa wasikie."

Dereva aliwahimiza. Wifi alikusanya pumzi.

"Mke wa kaka yangu."

"Wa ndoa?"

"Wa ndoa."

Fundi alisaini. Penye nafasi ya uhusiano aliandika "wifi" kwa herufi kubwa. Alifurahi, asidanganye mtu, alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Kisha gari likaondoka, naye akabaki amekaa kwenye godoro, akijiuliza ile furaha ataipeleka wapi. Nyumba ilikuwa ya watu wengine. Mume alikuwa kaburini. Waombolezaji waliosikia uongo hawakuwepo kuusikia ukweli, waliousikia ni wagonjwa wanne waliokuwa wakitetemeka kwa homa zao.

Siku ya pili baada ya hapo kifua kilibana. Hakuwa na haja ya kipimajoto. Mluzi ule wa miaka yote ulikuwa umekatika, na pumzi ikawa inaishia kooni. Gari la wagonjwa lilirudi asubuhi, dereva yuleyule, na Matroni akaja na fomu nyingine na kalamu.

"Ndugu wa kukusainia?"

"Wifi yangu," alisema Fundi. Ilimchukua muda kuyatoa maneno hayo. "Mlimpeleka juzi. Yuko hospitalini kwenu."

Matroni alifunua ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole kwenye majina.

"Huyo alifariki jana. Mwingine?"

Fundi alitikisa kichwa. Dereva alisubiri kidogo, akatazama saa yake, akafunga mlango wa nyuma wa gari tupu.